Kuanzia Porini: Namna ya Kujifunza Kazi za Mikono za Asili Mkoani Tabora

Mtu anayetaka kujifunza kutengeneza mzinga, kusokota kamba, kufinyanga chungu au kusuka kihenge mkoani Tabora hatakosa wa kumfundisha. Wazee wenye ujuzi huo bado wapo Sikonge, Uyui, Urambo na Kaliua, vipo vikundi vya akina mama wanaofinyanga na kusuka, na vipo vyuo vinavyopokea wanafunzi wa rika zote. Kazi ngumu ni kuyatambua mafunzo yatakayomwezesha kurudi kwake na kuifanya kazi ile peke yake, kwa vitu vinavyopatikana karibu naye. Kipimo ninachokitumia ni kimoja: nauliza mafunzo yanaanzia wapi. Yakianzia mezani, juu ya mbao zilizokwisha kukatwa na udongo uliokwisha kukandwa, utajifunza hatua za mwisho tu. Yakianzia porini, bondeni au kwenye gogo lenye gome lake, utajifunza kazi nzima.

Kipimo hicho nilikipata kwa hasara. Nilipoanza, nililipia mafunzo ya siku mbili ya kutengeneza mizinga ya viunzi vya juu, yaani ya mbao, ambayo kila sega la nyuki huning'inia kwenye kipande chake cha ubao kiitwacho kiunzi. Tulikuta mbao zimepangwa, zimekatwa kwa vipimo, na matundu ya misumari yameshatobolewa. Kila mmoja wetu aligongea misumari, akapigwa picha, akaondoka na mzinga mzuri kwapani. Nilipotaka kutengeneza wa pili nyumbani, niligundua kwamba sijui kuchagua ubao, sijui kwa nini ubao mbichi hupinda baada ya mwezi mmoja, wala sikumbuki upana wa kiunzi. Nikavikata viunzi kwa kukadiria, vikawa vipana kupita kiasi, na nyuki walipoingia walijenga masega kwa kukingama, sega moja likishika viunzi vitatu. Siku ya kurina sikuweza kuinua kiunzi kimoja bila kurarua masega mengine. Asali ilimwagika, watoto wa nyuki wakafa, na baada ya siku chache kundi lote likahama.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, mwulize mwalimu au mratibu maswali machache yaliyo wazi. Malighafi itatoka wapi, na tutakwenda kuichukua pamoja? Tutakuwa wanafunzi wangapi kwa kila tezo, kila msumeno, kila bomba la kuwapulizia nyuki moshi? Nitatengeneza kitu kizima mimi mwenyewe, au tutashirikiana watu kumi kwenye kitu kimoja? Nikikosea, kuna nafasi ya kurudia? Mwalimu mwenye ujuzi wa kweli hapati taabu kuyajibu haya, na mara nyingi yeye mwenyewe hufurahi kuulizwa, kwa sababu humwonyesha kwamba hukuja kutalii. Wanafunzi wakizidi watano kwa tezo moja, elewa kwamba muda mwingi utaumaliza ukiwa umesimama unatazama.

Mahali pa kujifunzia

Njia ya kwanza ni vyuo. Mjini Tabora kipo Chuo cha Ufugaji Nyuki kilicho chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ambacho hutoa astashahada na stashahada za ufugaji nyuki. Asiye na nia ya kusoma kwa mwaka mmoja au miwili aulize kama zipo kozi fupi. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo serikali ilianza kuvianzisha mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Uswidi, vipo Sikonge na Urambo, na shabaha yake tangu mwanzo ilikuwa kumfundisha mtu mzima kazi ya kumsaidia pale anapoishi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inafaa kwa useremala na uhunzi, stadi mbili ambazo ni nguzo ya kazi nyingine zote za mikono, maana asiyejua kunoa patasi hatafika mbali. SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, lifuatwe na yule ambaye tayari anajua kutengeneza bidhaa na sasa anataka kujua ufungashaji na soko.

Njia ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye utajiri zaidi, ni kumwendea fundi kijijini na kukaa naye. Chuo hukupa sababu na vipimo, na fundi hukupa mkono. Mwenye uwezo apitie vyote viwili, na akilazimika kuchagua kimoja kwa kazi za asili, aanze na fundi, kisha aende chuoni akiwa na maswali.

Usiende kijijini kienyeji. Anzia kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, jieleze wewe ni nani, umetoka wapi na unataka kujifunza nini, naye atakuelekeza kwa fundi anayeheshimika na pengine atakupa mtu wa kukusindikiza. Salamu ya Kinyamwezi ya asubuhi, «mwangaluka», na ile ya jioni, «mwadila», hufungua mlango haraka kuliko barua. Kwa mzee, shikamoo haikwepeki, na haifai kutaja shida yako kabla hujakaa, hujaulizwa habari za nyumbani na hujajibu kwa utulivu. Mzee aliyenifundisha mzinga wa gogo, baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza swali moja tu: «Mjukuu wangu, umekuja kununua mzinga au kutengeneza?» Nilipojibu kwamba nimekuja kutengeneza, aliinuka, akachukua shoka, akasema, «Basi twende, mzinga uko huko porini.»

Msimu

Watu wengi kutoka mijini hupanga mafunzo kwa kufuata likizo zao, wakati kazi za asili zina kalenda yake isiyojali likizo. Mvua za Tabora huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Miezi hiyo fundi yuko shambani, na katika maeneo ya tumbaku kama Urambo, mavuno na ukaushaji humshika mchana na usiku hadi mvua zinapokwisha. Ukimwendea Januari atakupokea kwa adabu, lakini moyo wake utakuwa kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Kuanzia Juni hadi Septemba ndio wakati wa kukaa na mtu bila kumwibia siku zake. Udongo wa ufinyanzi nao huchimbwa na kuchomwa wakati wa kiangazi, kwa kuwa chungu hakikauki vizuri penye unyevu na moto wa wazi hauwezi kustahimili mvua.

Kwa nyuki, kalenda inaamuliwa na maua. Miti miwili inayotajwa zaidi na wafugaji wa Tabora ni mtundu na muba, yote ya misitu ya miombo. Mtundu huchanua kabla ya mvua kuanza, ilhali muba huchanua mvua zikielekea ukingoni. Ndiyo sababu asali nyingi hurinwa katikati ya mwaka, Juni na Julai, na mavuno madogo hupatikana karibu na mwisho wa mwaka. Anayetaka kujifunza kurina aje Juni. Anayetaka kujifunza kutengeneza na kutundika mizinga aje baada ya hapo, ili mizinga yake iwe imetulia mitini kabla makundi hayajaanza kutafuta makazi mapya.

Mzinga, kuanzia kwenye mti

Jambo la kwanza nililofundishwa porini lilikuwa kusoma gome. Mzee alipita miti mitatu ambayo mimi niliiona imenyooka kabisa, akaikataa yote. Alinionyesha kwamba mistari ya gome kwenye miti hiyo ilikuwa inazunguka shina polepole, kama kamba iliyosokotwa. Mti wa namna hiyo ukiupasua, ufa hufuata mzunguko huo na vipande viwili havitalingana tena. Ulionyooka mistari ndio hupasuka sawasawa. Kisha hugongwa kwa kisogo cha shoka na kusikilizwa: sauti kavu inayolia huonyesha moyo mzima, na sauti nzito inayozama huonyesha uozo. Hili huwezi kulipata katika mafunzo ya mezani hata ukikaa wiki mbili.

Mti wenyewe haukatwi ovyo. Misitu ya hifadhi inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ile ya vijiji ipo chini ya serikali ya kijiji na kamati yake ya maliasili. Sheria ya Misitu Na. 14 na Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15, zote za mwaka 2002, ndizo zinazoongoza mambo haya. Mwalimu wako lazima awe na kibali au atumie mti ulioanguka au uliokatwa kwa sababu nyingine, na wewe mwanafunzi una haki, tena wajibu, wa kuuliza.

Hapa inafaa niseme juu ya mzinga wa gome, ambao ndio mzinga mkongwe wa Unyamwezi. Hutengenezwa kwa kubandua gome la mtundu au muba likiwa zima kama bomba, kisha kushonwa na kufungwa ncha zake. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na nilipoiona kwa mara ya kwanza niliipenda mno. Lakini mti uliobanduliwa gome pande zote hufa, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia sehemu ya ndani ya gome hilo. Na mti unaokufa ndio uleule uliokuwa ukiwapa nyuki maua. Ninawashauri wanafunzi waangalie namna unavyotengenezwa, waandike, waulize majina ya kila hatua ili ujuzi usipotee, kisha mizinga yao ya kufugia waitengeneze kwa gogo au kwa mbao.

Mzinga wa gogo hukatwa kwa urefu wa mita moja hivi. Gogo hupasuliwa katikati kwa kabari, zikigongwa kwa zamu kuanzia ncha moja hadi nyingine, bila haraka. Kisha kila nusu huchongwa ndani kwa tezo. Mwanafunzi huanza kwa kulipiga tezo kwa nguvu za bega, na baada ya robo saa mkono unatetemeka. Fundi huliacha lianguke kwa uzito wake, huku kiganja kikiongoza tu, na kipande cha mti kinachoruka kinakuwa chembamba kama ganda la kitunguu. Kazi hii hufanywa mguu ukiwa pembeni, kamwe usiwe mbele ya njia ya tezo. Mwalimu asiyelisema hilo mwanzoni mwache hapohapo. Unene wa ukuta hupimwa kwa kugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, na kwa kuweka kidole gumba nje na cha shahada ndani mdomoni mwa gogo. Ukuta mwembamba mno huwapa nyuki joto mchana na baridi usiku. Mnene mno huufanya mzinga usiinuke.

Mzinga wa viunzi vya juu ni wa mbao, na ndani yake kila sega huning'inia kwenye kiunzi chake, kwa hiyo unaweza kukagua na kurina bila kuua kundi. Siri yake yote imo katika kipimo nilichokikosea mimi: upana wa kiunzi kwa nyuki wetu wa Afrika ni milimita 32 hadi 33. Hiyo ndiyo nafasi wanayoiacha wenyewe kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya sega linalofuata. Nyuki wa Ulaya huhitaji zaidi kidogo, milimita 35 hivi, kwa hiyo vipimo vilivyonakiliwa kutoka kwenye mizinga yao vitakupoteza. Katikati ya kiunzi, upande wa chini, paka ukanda mwembamba wa nta ili nyuki waone mahali pa kuanzia. Chagua mbao zilizokauka kabisa. Ukiwa na shaka, uache ubao kivulini ukiwa umeinuliwa juu ya vipande vya miti, upitiwe na hewa pande zote, kwa miezi kadhaa.

Mzinga mpya hupakwa nta ndani ili unuke kama nyumba iliyowahi kukaliwa. Hutundikwa kivulini, karibu na maji, kwa waya au kamba imara, kwa kuwa nyegere hupanda na kubomoa mzinga ulioegeshwa mtini, na siafu hupita popote panapogusana na tawi. Ukipaka grisi kwenye waya utawazuia siafu.

Siku ya kurina, kabla hujakaribia manzuki, yaani mahali penye mizinga, hakikisha mwalimu ameeleza mambo ya kuumwa. Mwiba wa nyuki hubaki kwenye ngozi pamoja na kifuko cha sumu kinachoendelea kusukuma, hivyo ukwangue mara moja kwa ukucha. Mtu anayevimba uso au koo, anayepata shida ya kupumua au kizunguzungu baada ya kuumwa apelekwe hospitali bila kusubiri, na usafiri uwe umeandaliwa tangu asubuhi. Mafunzo yasiyo na vazi la kinga kwa kila mshiriki hayafai kuhudhuriwa, hata kama ni ya bure.

Moshi upulizwe kidogo mlangoni, usubiri, ndipo ufungue. Chukua masega ambayo vyumba vyake vimefunikwa kwa nta angalau robo tatu, kwani asali isiyofunikwa bado ina maji mengi na itachacha; asali nzuri isizidi asilimia 20 ya maji. Masega yenye watoto yaachwe. Asali ichujwe kwa kitambaa safi bila kuchemshwa, ihifadhiwe kwenye ndoo safi yenye mfuniko unaobana. Masega yaliyokamuliwa nayo yasitupwe. Yayeyushwe kwa maji ya moto, yachujwe kupitia gunia au kitambaa, yaachwe yapoe, na nta itaganda juu ya maji. Nta huyeyuka karibu na nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo moto mdogo watosha, na isiwekwe kamwe moja kwa moja juu ya moto bila maji, kwa sababu hushika moto upesi.

Kamba

Kazi ambayo ningependa kila mwanafunzi aanze nayo ni kusokota kamba, kwa sababu haihitaji chombo chochote zaidi ya paja na viganja, na makosa yake huonekana papo hapo. Nyuzi hutoka kwenye gome la ndani la matawi ya baadhi ya miti ya miombo, au kwenye katani. Matawi yaliyokatwa hutoa gome la kutosha, hakuna haja ya kugusa shina. Gome hulowekwa hadi lilainike, kisha huchanwa nyuzi nyembamba.

Shika mafungu mawili ya nyuzi yaliyolingana, yafunge pamoja ncha moja, uyalaze kwenye paja yakiwa yameachana kwa upana wa vidole viwili. Kiganja kiyasukume yote mawili mbele, kuelekea gotini, kila fungu likijisokota peke yake. Bila kuinua kiganja, yakutanishe, kisha uyavute nyuma. Yakirudi, yanajizungusha moja juu ya jingine kwa upande ulio kinyume na ule yalikosokotwa, na hapo kamba inajifunga yenyewe: kila fungu linataka kujifungua, na kujifungua kwake ndiko kunakolikaza jingine. Mama aliyenifundisha aliikata kamba yangu ya kwanza katikati mbele ya macho yangu, nayo ikafumuka yote, kwa kuwa nilikuwa nikisukuma na kurudisha upande mmoja. Akaikata ya kwake. Haikufumuka hata nusu kidole. Fungu likikaribia kwisha, ongeza nyuzi mpya, lakini usiongeze kwenye mafungu yote mawili mahali pamoja, maana hapo ndipo kamba itakapokatikia.

Udongo

Ufinyanzi mkoani Tabora, kama kwingi nchini, umekuwa zaidi mikononi mwa wanawake, na kwa mgeni wa kiume ni busara kuomba kupitia kikundi badala ya kumfuata mama mmoja nyumbani kwake. Omba uende nao kuchimba. Bondeni utaona wanapita udongo mwingi wanaoukataa. Njia rahisi ya kuupima ni kuviringisha kipande cha udongo wenye unyevu kiwe na unene wa kidole, kisha kukizungusha kwenye kidole chako: kikipasuka juu ya mkunjo, udongo hauna nguvu ya kushikamana na utakusumbua.

Udongo huchambuliwa mawe na mizizi, hulowekwa, kisha hukandwa pamoja na mchanga au vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikiwa vimepondwa. Hatua hiyo huwashangaza wageni, kumbe vigae vilivyokwisha kupita motoni havisinyai tena, hivyo huzuia ukuta wa chungu usipasuke unapokauka na huacha vijinjia vya mvuke kutokea. Chungu hujengwa kwa kuviringisha udongo kuwa kama mikia na kuipandanisha, huku ukifuta maungio kwa kipande cha kibuyu. Ukishafikia hatua ya kung'arisha kwa jiwe laini la mtoni, usiwe na papara. Mama mmoja hukaa saa nzima juu ya shingo ya mtungi.

Kukausha ni kivulini, siku kadhaa, hadi chungu kisiwe na ubaridi ukikigusisha shavuni. Ubaridi huo ni maji yaliyobaki ndani ya udongo, na yakikutana na moto mkali hugeuka mvuke na kukipasua chungu kwa mlio. Ndiyo sababu vyungu hutanguliwa na moto mdogo wa nyasi kabla ya kuni na mavi makavu ya ng'ombe. Mafunzo ya siku moja hayawezi kufika hatua ya kuchoma, na ufinyanzi usiochomwa hukuachia tope lenye umbo tu. Tenga siku kumi, au uje mara mbili.

Kuhusu vikapu, nyungo na vihenge nitasema machache, kwa kuwa kanuni ni ileile: nenda ukakate fito na matete pamoja na fundi. Kihenge cha kuhifadhia mahindi au mtama ni kazi ya watu wawili au watatu, na ni nafasi nzuri kwa kikundi cha familia kujifunza pamoja. Angalia hasa miguu yake na sehemu panya wanapoweza kupanda, maana hapo ndipo nafaka huokolewa au hupotea.

Malipo na heshima

Kubalianeni mapema, mbele ya mtu wa tatu, juu ya siku, ujira wa kila siku, gharama ya malighafi, chakula, na nani atabaki na kile kitakachotengenezwa. Usipunguze bei ya mafunzo kama unavyopunguza bei ya nyanya sokoni. Siku anayokaa nawe fundi ni siku ambayo hakutengeneza chochote cha kuuza, na isitoshe anakupa ujuzi utakaokuwezesha kuuza bidhaa kama zake. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na useme wazi kama utazitumia kwenye biashara. Usimletee zawadi ya pombe kwa kudhani ndiyo desturi. Sukari, chumvi, sabuni au tezo jipya hupokelewa kwa furaha katika nyumba nyingi.

Chukua daftari dogo na uandike majina kama fundi anavyoyataja, ya miti, ya vyombo na ya makosa pia. Kila fundi ana neno la ubao uliopinda au udongo uliochoka, na neno hilo litakukumbusha jambo zima miezi mingi baadaye.

Baada ya mafunzo

Mpango ninaoufuata mimi, na ambao umenisaidia, ni kutengeneza vitu vitatu. Cha kwanza tunatengeneza pamoja na mwalimu, yeye akitangulia. Cha pili natengeneza mimi, yeye ameketi, naye hasemi neno mpaka nikosee. Cha tatu natengeneza nyumbani, ndani ya siku saba, kabla mikono haijasahau, kwa malighafi niliyoitafuta mwenyewe. Hicho cha tatu ndicho kinachorudishwa kwa mwalimu, hata kikiwa kibaya. Panga safari hiyo ya pili tangu siku ya kwanza na umlipe siku yake kama kawaida. Kwa anayetoka mbali, treni ya reli ya kati hufika Tabora mjini, na ile iendayo Kigoma hupita Urambo na Kaliua, kwa hiyo hata mzinga unaweza kusafiri nawe.

Mzinga wangu wa gogo wa tatu niliurudisha Sikonge mwezi wa Agosti. Mzee aliugonga, akausikiliza, akaingiza mkono ndani hadi kwenye kiwiko, akanionyesha sehemu moja upande wa kushoto niliyoiacha nene kwa sababu tezo lilikuwa limepoteza makali na mimi nikaona uvivu kulinoa. Tukakaa chini ya mti, akanipa jiwe la kunolea, na mchana ule wote kazi ikawa ni kunoa.